Tangu kamyo ya kahawa mpaka picha ya WhatsApp: namna gari zilifika kwetu



Wiki mbili zilizopita mudogo mumoja, lisansie kama sisi, aliniandikia hivi: "Yaya, niko na dola elfu tatu. Niliona Toyota moja mu intaneti. Komisionere anasema nitume nusu leo, kesho bei itapanda. Nitume?"

Sikumujibu haraka. Jibu ya mistari mbili nilikuwa nayo, lakini niliona haitoshi. Juu jambo hili la kununua gari yenye haujaigusa, kwa mukono wa mutu mwenye haumuoni, sisi watu wa Grand Nord hatukulianza na telefone. Baba zetu walilifanya, babu zetu pia. Kwa hiyo leo nitaandika historia kidogo, na ndani yake nitatia ya kwetu pia, yenye ilitutosha jasho.

Mimi ni agronome, historia sikuisomea. Lakini huku kwetu historia ya gari na historia ya mazao ni historia moja, na mutaona sababu gani.

MUTEREMUKO WA KABASHA

Mwenye anajua Kanyabayonga anajua kama cité yetu inakaa pale milima inakatikia. Chini yako unaona mbuga ya Rwindi, ndani ya parki yenye ilianzishwa mwaka 1925 na kupewa jina la mufalme Albert. Barabara ya Goma inakata mbuga ile, inapanda Kabasha, inafika kwetu, kisha inaendelea Kayna, Kirumba, Lubero, Butembo mpaka Beni. Mutoto wa Kanyabayonga anajua sauti ya kamyo yenye inapanda na vitesi ya kwanza mbele hajajua kusoma.

Wakati wa Wabelgiji gari zilikuwa za wazungu: za serkali, za misioni, za kampani ya madini MGL, za waplanteri na za wachuuzi Wagriki. Mweusi alipakia na alipakua. Babu yangu alikuwaka boyi-shoferi. Kazi yake ilikuwa kutembea nyuma ya kamyo mu mupando, na kipande cha muti mukononi, ili kamyo ikichoka akitupe chini ya gurudumu isirudi nyuma. Alisema alipanda Kabasha na miguu mara nyingi kuliko mutu yeyote, na kila mara mbele yake kulikuwa gari.

Ninaanza na muti ule wa babu juu unaonyesha fasi tulianzia. Hamu ya gari kwetu haikuanza kama hamu ya starehe. Kabichi, viazi na maharagi ya mulima vinaoza kama havijashuka. Mwenye gari njo anaamua bei. Mulimaji anangojea barabarani, anakubali yenye anapewa.

KAHAWA NJO ILINUNUA KAMYO

Kisha uhuru wa 1960, wachuuzi wa kwetu walianza kidogo kidogo. Mwana-elimu wa kwetu, Vwakyanakazi Mukohya, aliandika tezi yake ya mwaka 1982, ku Chuo kikuu cha Wisconsin kule Marekani, juu ya wachuuzi wa Butembo kati ya 1960 na 1980. Watu wale hawakuanza na mali ya serkali. Walianza na mboga, maharagi, samaki ya chumvi ya ziwa Edward. Pikipiki, kisha pikapu, kisha kamyo ya kushirikiana.

Tarehe 30 mwezi wa 11, 1973, Mobutu alitangaza zairianizasio: mali ya wageni ipewe wenye inchi. Wengi wenye walipewa magazini na mashamba hawakujua kazi ile, na mali mingi ilikufa mu miaka michache. Bidhaa zilianza kukosa, na njia ya Kinshasa ni ndefu. Watu wa kwetu waligeuza macho ku mashariki: Kasindi, Kasese, Kampala, Nairobi, Mombasa. Njia ile ilikuwa wazi tangu zamani. Reli ya Mombasa ilifika Kampala mwaka 1931, na Kasese mwaka 1956, karibu kabisa na mupaka wetu.

Sasa kuliingia jambo lenye watu wengi hawajui, na hapa ninavaa kofia yangu ya agronome. Mu mwezi wa 7, 1975, baridi kali iliunguza mashamba ya kahawa ya Brazili. Muti wa kahawa ukiupanda leo, utangojea miaka tatu ao ine mbele ya kuvuna vizuri. Kwa hiyo upungufu haukuisha mu musimu mumoja. Mwaka 1976 na 1977 bei ya kahawa duniani ilipanda sana. Na sisi mu milima yetu tulikuwa na arabika nzuri.

Lakini bei ya serkali ya Zaïre ilikuwa ya chini, na feza ya zaïre ilikuwa inashuka kila mwaka. Kahawa ilifanya vile maji hufanya: ilifuata muteremuko. Ilivuka mupaka usiku, ikaenda Uganda na Kenya. Zahabu ilifuata njia ile ile. Na yenye ilirudi ilikuwa nguo, chumvi, vyombo vya gari na kamyo zenyewe. Sasa munaelewa: baridi ya Brazili ilinunulia watu wa Butembo kamyo.

Papa mudogo, mwenye alikuwaka shoferi miaka mingi, alinieleza namna babu alipata fungu lake mu Bedford moja ya okazio mwaka 1977. Walikuwa watatu. Walipeana magunia ya kahawa kwa muchuuzi mumoja wa Butembo. Muchuuzi yule aliituma kwa komisionere, mutu wa kwetu mwenye alioa Kampala. Komisionere njo alitafuta kamyo. Babu hakuona picha, hakuona karatasi. Alingojea miezi saba.

"Na hamukuogopa?" nilimuuliza.

"Tuliogopa, mwana. Lakini tuliogopa kidogo. Mama wa yule komisionere alikuwa anakaa Kirumba. Kila siku ya soko tulikuwa tunamuona."

Ninaomba mukumbuke mama yule wa Kirumba. Tutarudi kwake.

Kamyo ile ilikuja na usukani wa kuume, juu ilitoka kwa Waingereza, na sisi tulirisi barabara ya Wabelgiji. Pale Mpondwe unatembelea kushoto, ukivuka tu Kasindi unahamia kuume. Ndiyo maana mpaka leo shoferi wetu mwenye anataka kupita kamyo nyingine hawezi kuona mbele. Anauliza konvwayeri mwenye anakaa kushoto: "Iko kitu?" Konvwayeri anatosha kichwa inje: "Hakuna, pita!" Uzima wa watu makumi mbili unakaa mu macho ya mutu mumoja. Hata hiyo ni zamana.

DUBAI, KISHA JAPANI

Vita ya 1996 na ya 1998 ilipita juu ya biashara ya kwetu lakini haikuizima. Wakubwa wa Butembo walipanda ndege wakaenda Dubai, kisha Hong Kong na Guangzhou, wakarudisha makontena kupitia Mombasa. Wakati RCD-K/ML ilikuwa inatawala Beni na Butembo, wachuuzi wakubwa walikuwa wanalipa ushuru wa Kasindi mbele ya mali kufika, nao wanapunguziwa. Mutu mudogo hakuwa na nguvu ile. Mwaka 2003 Butembo na Beni ziliitwa miji.

Gari nazo zilianza kutoka mbali zaidi: Japani. Kwa nini Japani? Kuna sababu mbili za wazi. Ya kwanza, Wajapani wanatembelea kushoto kama Kenya, Uganda na Tanzania, kwa hiyo gari zao zinafaa soko kubwa la jirani zetu. Ya pili, serkali yao inalazimisha gari ipimwe: mara ya kwanza kisha miaka tatu, baadaye kila miaka mbili, na kipimo kile pamoja na kodi zake ni bei kali. Watu wengi wanaona heri wauzishe gari kuliko kuilipia tena. Gari zile zinaenda ku munada. Huko wapimaji wanaandika karatasi ya hali ya gari: 4 ni nzuri, 3.5 ni ya kati, na herufi R inasema iligonga na ikatengenezwa.

Kisha kampani za Japani zikaweka gari zao mu intaneti. Moja yenye inajulikana sana Afrika, Be Forward, ilianzishwa mwaka 2004. Kwa mara ya kwanza mutu wa Kanyabayonga, na megabaiti za dola moja, aliweza kuona bei yenye mukubwa wa Butembo alikuwa anaona. Alijifunza maneno mapya: FOB, ni bei ya gari ku bandari ya Japani. CIF, ni bei pamoja na meli na asurance mpaka Mombasa. Dwane, barabara na njia yote ya Kampala mpaka Kasindi haziko ndani.

Inchi nazo zikaweka mipaka ya umri. Kenya haipokei gari ya kutumia kwake kama imepita miaka 8. Uganda ilitunga sheria mwaka 2018: miaka 15. Kwetu, serkali ya Matata Ponyo ilitosha amri mwaka 2012: miaka 10. Mumeona wenyewe gari zenye zinatembea Butembo, sitasema zaidi.

Na neno "mupya" likabadilika. Mu vitabu, gari mupya ni yenye ilitoka ku fabriki. Kwetu, gari yenye ilitembea miaka nane Japani na kilometa elfu mia moja, tunaiita mupya kama haijavala plaki ya Congo. Hakuna uongo ndani. Ni mupya kwa barabara yetu, na barabara yetu itaizeesha haraka.

YA KWETU

Mwisho wa mwezi wa 6, 2024, vita iliingia Kanyabayonga. Haikuwa mara ya kwanza kukimbia. Mwaka 2008, mu mwezi wa 11, nilikuwa mutoto wakati askari wenye walikuwa wanarudi nyuma walipora cité yetu. Lakini mwaka huu wa 2024 niliona kitu chenye sikusahau: mukaka wangu, mwenye miguu haimubebe tena, alifungwa na kitenge mugongoni mwa shoferi wa pikipiki mpaka Kirumba, kisha mpaka Butembo. Alifika muzima. Alisema neno moja tu: "Babu yenu alikuwa na fungu mu kamyo. Ninyi na diplome zenu muko na nini?"

Neno lile lilituuma. Mu Butembo tulikusanyika wasita: vijana wane wa agronomia, yaya yangu mwanamuke mwenye anafanya biashara ya viazi, na Papa mudogo. Tulipanga kununua Toyota Probox ya kubeba kahawa ya Kyondo na mbegu za viazi. Yaya yangu aliuzisha shamba lake la Kayna kwa bei ya vita, maana yake bei ya bure. Ile njo ilikuwa nusu ya feza yetu.

Mu mwezi wa 1, 2025 tulipata komisionere mu WhatsApp. Alikuwa Kampala. Jina lake nalificha, na la kampani yake pia. Mwanzo tulicheka. Nilimuandikia: "Tunataka kuuza gari." Akajibu: "Sawa, mna gari gani?" Nikaandika tena: "Hatuna gari. Tunataka kuuza." Alinyamaza saa nzima. Kumbe kwake kuuza ni kupeana gari na kupokea feza. Kwetu ni kinyume: kuuza ni kupata gari, na kupeana tunasema kuuzisha. Papa mudogo alicheka mpaka machozi. Lakini kisha alisema: "Kama neno la kwanza hamukusikilizana, la mwisho litakuwa namna gani?"

Hatukumusikia. Yule kijana alitutumia picha, namba ya shasi, karatasi ya munada yenye 4. Nilitafuta namba ile mwenyewe, gari ilikuwa ya kweli, ya mwaka 2016. Bei CIF Mombasa: dola 4.100. Tulituma nusu. Meli ikaondoka kweli. Tukatuma nusu nyingine. Tulikuwa na furaha ya watu wenye walishinda.

Kosa letu lilikuwa mu karatasi moja. Gari ikipanda meli, kampani ya meli inatosha hati, yenye watu wa dwane kwetu wanaita konesemani. Hati ile ina sehemu ya jina la mwenye kupokea. Mwenye jina lake linaandikwa pale njo mwenye gari machoni pa bandari. Haijalishi nani alilipa. Na jina lenye liliandikwa halikuwa la Papa mudogo. Lilikuwa la kampani ya komisionere.

Gari ikafika Mombasa. Komisionere akaandika: kuna gharama mupya, dola 900, bila hizo hati haitoki mukononi mwangu. Na bandari inahesabu: siku za bure zikiisha, kila siku inaongeza deni. Tulipiga, hakuitika. Yaya yangu hakulia. Alikaa tu inje, anaangalia barabara.

MAMA WA KIRUMBA

Hapa Papa mudogo alichukua njia. Alipita Beni na Kasindi, akafika Kampala. Hakuenda kwa polisi, hakuenda kwa avoka. Alienda Kikuubo, soko lenye wachuuzi wa kwetu wananunua mali tangu zamani, akatafuta mama mumoja wa Butembo mwenye anafanya biashara pale miaka zaidi ya makumi mbili. Alimuambia jina la komisionere. Mama akafikiri kidogo, akasema: "Huyu simujui. Lakini ninajua mwenye alimukodeshea biro."

Siku tatu baadaye waliketi wane mu chumba: Papa mudogo, yule mama, mwenye nyumba na komisionere. Hakuna mwenye alipiga kelele. Mama alimuambia: "Mutoto wangu, wateja wako wote wanatoka Congo. Unataka mpaka Butembo wajue jina lako kwa jambo hili?" Walishuka mpaka dola 400. Hati ikatoka.

Gari ilifika Butembo mu mwezi wa 6, mwaka mumoja kisha kukimbia kwetu. Tulihesabu yote: gari, 400 zile, safari, transiti, dwane, na karatasi za njiani zenye hazina jina. Ilipita bei ya Probox yenye ilikuwa imesimama Butembo, mbele ya macho yetu, wakati tulituma feza ya kwanza.

Nilifikiri sana juu ya jambo hili. Wazee wanasema: zamani kulikuwa uaminifu, sasa intaneti imeharibu watu. Mimi sikubali kabisa. Yaya yangu alinikumbusha: zamani ile, mwanamuke kama yeye hangeweza kununua hata fungu la kamyo. Na babu hakujua hata siku moja kamyo ile ilinunuliwa bei gani. Muchuuzi mukubwa alimuambia magunia ngapi, naye alipeana. Uaminifu ule ulikuwa na bei yake, lakini bei ilifichwa. Leo tunaona bei. Yenye tulipoteza ni ingine: tulipoteza mama wa Kirumba. Mutu mwenye anakaa karibu, mwenye komisionere hawezi kumukimbia. Tulipomupata tena, Kikuubo, gari ilitoka.

Kwa hiyo mudogo wangu, jibu lako ni hili. Usitume leo. Bei yenye itapanda kesho ni bei ya kukuogopesha. Kama unataka kununua kwa njia ya intaneti, inawezekana, lakini fanya ine:

1. Lipa kampani yenyewe ya Japani, kwa banki, juu ya fakture pro forma yenye jina lako. Usilipe ku namba ya telefone ya mutu.
2. Omba sertifika ya kutosha gari Japani na karatasi ya munada, linganisha namba ya shasi mu karatasi zote.
3. Mbele meli iondoke, andika kwa maneno wazi jina lenye litakuwa ku konesemani. Jina lako. Si la komisionere, si la rafiki yake.
4. Tafuta mama wa Kirumba. Mutu mumoja wa nyama na damu, Kampala ao Mombasa, mwenye anajua komisionere anakaa wapi. Kama haumupati, nunua yenye imesimama Butembo, uifungue kapo, usikie motere.

Probox yetu inabeba kahawa ya Kyondo kila juma. Feza ya shamba hatujarudisha yote, tumefika ku sehemu ya tatu. Papa mudogo njo anaendesha, na mimi ninakaa kushoto. Akitaka kupita kamyo ananiuliza: "Iko kitu?"

Mukaka wetu alipanda mara moja, akazunguka Butembo, akasema kiti ni kizuri. Kisha akauliza kama gari hii itaweza kupanda Kabasha. Tulimuambia ndiyo. Siku barabara itafunguka, tutajua.

Wenye wamenunua gari kwa njia hii, vizuri ao vibaya, waandike hapa chini. Itasaidia wengine.